Chipsi pundamilia: mwongozo kamili wa kuzuia ugonjwa wa viazi unaoletwa na mdudu anayeitwa silidi, kwa sie tunaolima huku Idaho

Msimu wangu wa kwanza kulima viazi mviringo huku Idaho nilivuna viazi ambavyo ukiviangalia kwa nje unasema hamna shida, vidogo kidogo kuliko vya jirani lakini visafi, nikajaza magunia nikafurahi. Siku ya kukaanga ndo nikachoka. Chipsi zilitoka na mistari ya kahawia na nyeusi kama mgongo wa pundamilia, alafu ladha yake chungu kama kitu kilichoungua, wakati mafuta ni mapya na moto ule ule wa siku zote. Mke wangu akanilaumu nimenunua mafuta ya bei rahisi. Tukabadilisha mafuta, mistari ikarudi pale pale.

Naandika hii kwa ajili ya ndugu zangu wa Twin Falls, Boise na kokote huku magharibi ya Marekani, Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, Wakenya, watu tuliotoka makwetu au kambini tunajua jembe vizuri, ila huu ugonjwa hatukukutana nao kule. Wapo wenye viwanja vya futi ishirini kwa thelathini kwenye bustani za jamii, wapo waliokodi ekari mbili tatu, na wapo wengi tu wameajiriwa kwenye mashamba makubwa ya watu. Nitajaribu kugusa wote.

Unapambana na nini hasa

Wenyeji wanaita zebra chipu. Uligundulika mara ya kwanza Mexico, maeneo ya Saltillo, mwaka 1994, ukaingia Texas mwaka 2000, na huku kwetu Idaho pamoja na Washington na Oregon ukaonekana 2011. New Zealand wao mdudu aliingia 2006 na ukawatesa kweli kweli. Kwa miaka kama 14 watu walikuwa wanauona tu bila kujua kinacholeta ni nini, mpaka 2008 ndo bakteria yake ikajulikana, inaitwa Liberibakta. Hii bakteria inaishi ndani ya mishipa ya mmea, ile inayobeba chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye viazi chini. Ikishajaa humo chakula hakipiti sawasawa, majani yanaharibika, na kiazi kinajaza sukari ya aina inayofanya kiungue haraka kwenye mafuta. Ndo ile mistari.

Sasa elewa kitu kimoja ambacho mi kilinigharimu msimu mzima kukielewa. Sisi tuliozoea mnyauko wa kule nyumbani, ule ambao mmea unalala ghafla ukiwa bado kijani na ukikata kiazi ukakikamua kinatoa ute mweupe, tumefundishwa kwamba bakteria ya viazi inakaa kwenye udongo na kwenye mbegu, kwa hiyo tunafikiria kupumzisha shamba, kuosha majembe, kubadilisha mbegu. Huu si mnyauko. Bakteria ya chipsi pundamilia haikai kwenye udongo ikusubiri mwaka kesho, na kiazi kilichougua sana mara nyingi ukikipanda hata hakioti, au kinatoa vichipukizi vyembamba kama uzi alafu vinakufa. Inakuja kwa hewa, imebebwa na mdudu, na mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Kwa hiyo ukishaona majani yameugua umeshachelewa kwa mmea huo. Dalili zinatokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, na hakuna dawa ya kutibu mmea, hakuna kabisa, atakayekuuzia anakuibia. Nilishauziwa chupa moja kwenye duka la pembejeo, muuzaji akaniambia hii inaponya, nikapiga mara tatu. Haikuponya chochote. Kazi yote iko kwenye mdudu, kabla.

Mjue mdudu mpaka umuote usiku

Anaitwa silidi wa viazi. Mkubwa wake ana urefu wa milimita 2.5 hadi 3 hivi, mweusi au kahawia iliyokolea, ana mistari myeupe mgongoni na mabawa yasiyo na rangi ameyakunja juu ya mwili kama paa la nyumba. Ukimwangalia kwa lenzi utasema ni nyenje mdogo sana. Ukitikisa jani anaruka, hakai kama vidukari wanavyokaa.

Mayai ni ya njano au rangi ya chungwa, kila yai limesimama juu ya kijiti chake kama balbu, na mara nyingi jike anayapanga kwenye ukingo wa jani. Bila lenzi huyaoni, kanunue lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, hata ya dola kumi inatosha.

Alafu kuna tunutu, watoto wake, na hawa ndo watu wengi wanawapita bila kuwaona. Bapa kabisa, wamejibandika chini ya jani kama gamba, rangi njano kwenda kijani, pembeni wana vinywele kama pindo la mkeka. Hawatembei sana, ukiwagusa na ncha ya kalamu ndo wanasogea taratibu. Wanajibadilisha mara tano mpaka wawe wakubwa. Alama rahisi ya kujua wapo ni chembechembe nyeupe kama sukari zilizomwagika juu ya majani ya chini, huo ni uchafu wao.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia, na kizazi kizima toka yai mpaka mkubwa anayetaga ni kama wiki nne, inategemea joto. Wanapenda sana joto la kama nyuzi 27 za Selsiasi. Likifika 32 wanaanza kusuasua, na 35 kutaga na kuanguliwa kunasimama. Kwa hiyo ule wiki wa Julai tunaolia joto, wao nao wanalia, ila usiku huku unapoa kwa hiyo usitegemee joto likufanyie kazi.

Kinachotisha ni hiki: silidi mwenye bakteria akikaa kwenye mmea anafyonza saa chache tu anaweza kuwa ameshaambukiza, na mmoja anatosha. Afadhali ni kwamba siyo kila silidi ana bakteria, huku Idaho miaka mingi ni wachache tu wanaokutwa nayo, ila inabadilika mwaka hadi mwaka, na kwa macho huwezi kumjua yupi anayo. Ndo maana huku hamna ile hesabu ya kusema nikiona wadudu kumi kwa mmea ndo nipige dawa, kama tunavyofanya kwa wadudu wengine.

Na kitu kingine watu wanachanganya, hawa tunutu hata wasio na bakteria yoyote wakiwa wengi mate yao peke yake yanafanya mmea uwe njano na ujikunje. Huo ni ugonjwa wa zamani huku magharibi, ulijulikana toka miaka ya 1920, na ule ukiwaondoa wadudu mapema mmea unaweza kupata nafuu. Huu wa bakteria haupati nafuu.

Hatua ya 1: kabla hujapanda, zunguka mipaka

Aprili au mwanzo wa Mei kabla ya kupanda zunguka shamba lako na hata nje kidogo. Silidi wengine wanapita baridi ya huku wakiwa kwenye mmea mmoja wa kutambaa unaopenda kingo za mifereji ya maji na kando ya mto, una maua ya zambarau yenye kidomo cha njano katikati na matunda mekundu madogo. Ni ndugu ya mnavu, ila huo usile. Mwingine ni kichaka cha miiba cha familia hiyo hiyo, watu wa zamani walikipanda kama ua, utakikuta karibu na nyumba zilizoachwa. Kichaka hiki kinawahi kuchipua, silidi wanazaliana humo majira ya kuchipua, alafu kiangazi kikikolea kinapukutisha majani na wadudu wote wanahama kutafuta pa kula. Kama pa kula ni shamba lako, basi.

Siwezi kukwambia ung'oe kila kichaka cha kaunti nzima, hutaweza na vingine viko kwenye mali za watu. Ila chora ramani hata kwenye daftari, upande gani kuna vichaka, na mitego yako mingi iende upande huo.

Viazi vilivyobaki ardhini mwaka jana vikaota vyenyewe, ng'oa vyote. Vinawahi kutoa majani kuliko vyako, vinakuwa hoteli ya wadudu wa kwanza kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Mnavu. Najua, najua. Mama yangu ana matuta mawili ya mnavu, nilipomwambia mama hii mboga inakaribisha wadudu wa viazi akanijibu, "Basi hamisha viazi vyako, mnavu wangu hauhami." Na ana haki yake. Ukweli ni kwamba silidi anakula na kuzaliana kwenye familia hii yote, mnavu, nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, na bustani zetu sie watu wa kule ndo zimejaa hivyo vitu vyote vimebanana sehemu moja. Matembele nayo anaweza kukaa humo. Mchicha na lengalenga, maharage, maboga na mahindi hayana shida. Tulichofanya sie nyumbani, matuta ya mama yapo upande wa pili wa kiwanja, katikati kuna mahindi na maharage, na kila nikikagua viazi nakagua na mnavu wake kwa sababu huko ndo mara nyingi naona tunutu kwanza. Kwa hiyo mnavu umegeuka mlinzi wangu, sijui kama mama anajua.

Hatua ya 2: mbegu na tarehe

Hapa fupi. Nunua mbegu zenye cheti, siyo kwa sababu ya ugonjwa huu hasa bali kwa magonjwa mengine ya virusi na uozo yatakayokuchanganya baadae ukiwa unatafuta dalili. Aina ya viazi isiyougua haipo sokoni, Russet Burbank wanaugua, wekundu wanaugua, wa njano wanaugua. Ukiweza panda aina inayokomaa mapema ili uvune kabla idadi ya wadudu haijapanda sana mwezi wa Agosti. Na usibebe mbegu za viazi kutoka nje ya nchi kwenye sanduku, wala miche, wala usitume kwenda kule nyumbani. Magonjwa yanahama hivyo hivyo.

Kwa wenye mashamba makubwa, wengi wanaweka dawa ya kundi la neonikotinoidi kwenye mtaro wakati wa kupanda, imidaklopridi au thiamethoksamu, mmea unainyonya na unalindwa wiki kadhaa za mwanzo. Inasaidia pia kwa vidukari na yule mende wa mistari anayekula majani. Ila Texas kusini silidi wameshazoea imidaklopridi, kwa hiyo usiweke hiyo alafu ukarudi kupiga kundi lile lile juu ya majani. Utakuwa unawafundisha.

Hatua ya 3: mitego ya gundi ya njano

Viazi vikishatoka ardhini tu, weka mitego. Ni kadi za njano zenye gundi, zinauzwa kwa pakiti. Piga kijiti, bana kadi na klipu, iwe usawa wa juu wa majani, siyo juu hewani na siyo chini gizani, na mmea ukikua unaipandisha. Weka ndani kidogo ya ukingo wa shamba, hatua mbili tatu toka pembeni, kwa sababu silidi wanaanzia pembeni. Kwa shamba la ekari kadhaa weka angalau nne, moja kila upande, zaidi upande wenye vichaka na upande upepo unakotoka. Kwa bustani ndogo mbili zinatosha.

Badilisha kila wiki, siku ile ile. Mi nafanya Jumamosi. Kadi ya zamani ifunike na plastiki laini ya jikoni, andika tarehe na upande, kaa nayo mezani na lenzi. Mwanzo utachoka, kadi imejaa nzi na mbu na vumbi, na kuna vidudu vingine vinafanana kwa mbali, ila ukishamwona silidi wa kwanza na ile mistari myeupe hutamsahau. Ukiwa na shaka peleka kadi ofisi ya ugani ya kaunti. Usione aibu kwa ajili ya Kiingereza, picha na kadi vinajieleza.

Chuo Kikuu cha Idaho nacho tangu mlipuko ule kina mtandao wa mitego kwenye mashamba ya wakulima kusini mwa jimbo, wanahesabu silidi na kuwapima bakteria maabara, na msimu ukianza wanatoa taarifa. Zifuatilie. Huku kwetu wa kwanza wanaanza kunaswa karibu na Juni na wanaongezeka mpaka Agosti. Ila taarifa ya shamba la maili kumi siyo taarifa ya shamba lako.

Hatua ya 4: kugeuza majani

Mtego unakamata wakubwa wanaoruka tu. Tunutu na mayai ni mpaka ugeuze majani, hamna njia ya mkato. Kipimo wanachofundisha huku ni vituo kumi kuzunguka mistari ya pembeni, kila kituo majani kumi, unachukua jani kubwa la katikati ya mmea, siyo lile changa la juu na siyo la chini linalokauka. Majani mia. Kwa shamba la ekari mbili inanichukua saa moja na nusu na redio sikioni. Bustani ndogo angalia majani ishirini thelathini.

Fanya kila wiki toka Juni mpaka majani yafe. Ukikuta tunutu maana yake kuna jike alikaa hapo akataga, hao hawapiti njia tena, wamehamia.

Hatua ya 5: dawa, na hapa soma polepole

Kuna kosa moja kubwa. Mtu anaona silidi, anakimbilia dawa kali za pairethroidi kwa sababu ni rahisi na zinaangusha wadudu papo hapo. Zinaua na wale wadudu rafiki wote, mende wekundu wenye madoa, wale wenye mabawa laini kama neti ambao watoto wao wanakula tunutu vibaya sana, na kunguni wadogo wawindaji. Baada ya wiki mbili silidi wamerudi, vidukari wamelipuka, utitiri wamelipuka, na hakuna polisi shambani. Niliona hii kwa shamba nililoajiriwa, silitaji, majani yalikuwa kahawia Agosti mwanzoni.

Chagua dawa kwa hatua ya mdudu. Spirotetramati inaingia ndani ya jani na kusafiri juu na chini, ni nzuri kwa tunutu na mayai, ila inachukua siku kadhaa na lazima uchanganye na kile kimiminika cha kupenyeza kinachotajwa kwenye lebo, ukiruka hicho umemwaga hela. Abamektini inapenya jani toka juu kwenda chini, inagusa wakubwa na tunutu na pia inasaidia kwa utitiri. Sayantraniliproli na novaluroni nazo zipo kwenye mzunguko. Kila lebo ina namba ya kundi pale juu, 4A, 6, 23, 28, 15. Hizo namba ndo za kuangalia, siyo jina la biashara, kwa sababu chupa mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti zinaweza kuwa kundi moja. Kundi moja lisirudiwe kwa vizazi viwili vya wadudu vinavyofuatana, na idadi ya mara kwa msimu iko kwenye lebo.

Lini uanze? Ukiwa umeweka dawa ya mtaroni unaweza kusubiri mtego ukamate. Kama hukuweka, anza pale silidi wa kwanza wanapoonekana shambani kwako au mashamba ya jirani, na lenga kuwazuia wasizaliane ndani, kwa sababu watoto waliozaliwa kwenye mmea mgonjwa ndo watakaoueneza mstari hadi mstari.

Maji yawe mengi. Mdudu yuko chini ya jani, wewe unapiga juu. Kwa pampu ya mgongoni geuza bomba chini uelekeze juu, tembea taratibu, piga asubuhi mapema au jioni upepo umetulia. Viazi vikiwa na maua epuka kabisa zile zinazoua nyuki, lebo inasema.

Baadhi ya dawa, abamektini ya viazi mfano, ni za watu wenye leseni tu, na hiyo leseni inatolewa na idara ya kilimo ya jimbo. Kama huna usizichukue kwa rafiki na kuziweka kwenye chupa ya soda. Nimeona chupa ya soda. Na nyie mlioajiriwa, sheria ya huku inamtaka mwajiri awape mafunzo ya usalama wa dawa kila mwaka kwa lugha mnayoielewa, hata kwa mkalimani, na baada ya kupiga kuna saa ambazo hakuna mtu kuingia shambani. Uliza zimebaki saa ngapi kabla hujaingia kwenye mistari, hiyo siyo jeuri.

Kama una bustani ndogo: neti

Kwa kiwanja kidogo mi dawa naweka kando kabisa, natumia neti. New Zealand ndo waliojaribu sana hii na inafanya kazi. Neti ya matundu madogo, milimita 0.6 au chini, unaifunika juu ya matuta mara tu baada ya kupanda kabla hata viazi havijatoka, na kingo zote unazifukia kwa udongo kabisa, siyo kuweka mawe hapa na pale, kwa sababu nafasi ya kidole ni mlango. Ilaze huru huru, mmea utaisukuma wenyewe. Viazi havihitaji nyuki ili vizae chini, kwa hiyo hamna shida, mvua na maji ya kumwagilia yanapita.

Masharti mawili. Usifunike sehemu iliyokuwa na viazi au nyanya mwaka jana, maana vikiota vyenyewe humo na wadudu wake umewajengea nyumba. Na vidukari wadogo wanaweza kupenya, wakiwa ndani hawana adui, kwa hiyo kila wiki mbili fungua upande mmoja, kagua, fukia tena. Neti nzuri inadumu misimu kadhaa ukiitunza. Bei inauma mara ya kwanza, tulichanga watu wanne tukanunua roli moja tukagawana.

Bila neti, jaribu ule unga mweupe wa kaolini uliochanganywa na maji, unafanya jani lionekane kama limepakwa chokaa na silidi hapendi kukaa wala kutaga. Unarudia mvua ikiosha. Sabuni ya wadudu na mwarobaini vinasaidia kidogo kwa tunutu wadogo ukivipata chini ya majani, ila usitegemee hivyo peke yake.

Ukishaona mgonjwa

Majani ya juu yanajikunja kwenda juu na kuwa njano au zambarau, mmea umedumaa, vifundo vya shina vimevimba, machipukizi mengi kwenye kwapa la jani, wakati mwingine viazi vidogo vinaota hewani kwenye shina, alafu majani yanakauka kama yameungua. Kuna ugonjwa mwingine unaogeuza majani kuwa zambarau unaoletwa na panzi mdogo wa kwenye majani, na virusi vya kukunja majani, vinafanana, kwa hiyo chimba mmea mmoja uone. Kata kiazi karibu na pale kilipoungana na shina. Ukiona duara ya kahawia na vidoa vyenye michirizi kuelekea katikati, kaanga vipande vyembamba. Mistari ikikolea kwenye mafuta shaka imepungua sana, ila uhakika kamili ni kipimo cha maabara, ofisi ya ugani watakuelekeza pa kupeleka sampuli.

Ikiwa ni mashina machache ng'oa na viazi vyake, ingiza kwenye mfuko mweusi pale pale ulipo, funga, acha juani. Usikokote mmea mbichi katikati ya shamba huku unamwaga wadudu njia nzima. Ng'oa asubuhi kukiwa na baridi, silidi hawaruki vizuri. Kama ni nusu ya shamba, kung'oa hakusaidii tena, linda ile nusu nyingine na fikiria kuvuna mapema.

Mwisho wa msimu

Watu wanaacha kukagua mwishoni mwa Agosti kwa sababu wamechoka. Kumbuka zile wiki tatu, mmea unaweza kuambukizwa Septemba mwanzoni usionyeshe kitu juu, ukavuna ukiwa na furaha, na baadhi ya viazi vikaja kuonyesha madoa vikiwa stoo. Maadamu majani ni kijani ulinzi unaendelea, ila angalia siku za kusubiri kati ya dawa na kuvuna.

Kabla ya kuchimba shamba lote chimba mashina kumi, matano pembeni matano katikati, chukua kiazi kimoja kimoja, kata kipande kile cha upande wa shina, kaanga. Wa pembeni wakitoka na mistari na wa katikati wakatoka safi, vuna na hifadhi mbali mbali, wa pembeni uwatumie kwanza. Kuvila havina madhara kwa binadamu, wala mtoto, ni ladha tu na muonekano, sie tulivichemsha tukatia kwenye maharage na tukamaliza gunia zima. Kiwanda na mgahawa watavikataa, usijaribu kuwachanganyia, wana mafuta ya moto hapo hapo mapokezi.